Binti wa Mwalimu Atoke Nje

Mimi si mtu wa kumeza maneno, na pale kanisani kwetu Garsen hilo halihitaji kutangazwa. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na Jumamosi nafundisha darasa la kipaimara. Koo langu limezoea kushindana na mvua juu ya mabati. Kwa hiyo siku katoni ya vitabu ilipoletwa kutoka makao makuu ya kanisa, watu waliniangalia mimi kabla ya kuiangalia katoni.

Vilikuwa vitabu vyembamba vya vijana Wakristo: mwili unavyobadilika, mapenzi, mimba, magonjwa, ndoa, na juu ya kila sura mstari wa Biblia. Nilikisoma kimoja mpaka mwisho, nikafurahi. Hapakuwa na matusi ndani yake. Michoro ilikuwepo, ni kweli, na mchoro mmoja ndio uliotuletea balaa.

Baraza la wazee lilikaa baada ya ibada. Mwenyekiti wetu ni mkulima wa mpunga, mcha Mungu, mkarimu, na mkaidi kuliko punda wangu. Alifungua kitabu katikati, akakisogeza mbali na macho, akauliza, "Mwalimu, hiki kichwa cha ng'ombe kinafanya nini kwenye kitabu cha kanisa?"

"Si kichwa cha ng'ombe, mzee. Ni tumbo la uzazi. Mama yako alikubeba humo."

Kina mama waliokaa nyuma waliinama kama watu waliodondosha sindano. Mzee alikifunga kitabu. Mezani palikuwa na Biblia, basi hakukirudisha hapo, alikiweka sakafuni karibu na kiatu chake. Nilijua nimemkera, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

"Sisi hatukatai elimu," alisema alipopata sauti. "Lakini mambo haya kwetu yana wenyewe. Msichana hufundishwa na shangazi yake, na bibi yake. Mvulana ana babu. Mzazi akimwambia mtoto aliyemzaa mwenyewe mambo ya chumbani, hapo heshima imebaki wapi?"

"Hao mashangazi wako wapi, mzee?" niliuliza. "Mafuriko yametutawanya. Bibi yuko Ozi, mjukuu yuko hapa mjini kwenye chumba cha kupanga ili asome. Nani anamfundisha? Simu ndiyo inamfundisha."

Tulibishana mpaka watoto waliokuwa wakitusubiri uani wakaanza kulia njaa. Mmoja alisema vitabu hivyo vitawaamsha waliolala. Nikamjibu kwamba waliolala ni sisi. Mchungaji wetu ni kijana, mgeni katika mtaa huu, na aliogopa pande zote mbili. Mwishowe akatafuta njia ya katikati: vitabu visomwe, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Wasichana niwafundishe mimi, kwa sababu hakuna mama mwingine aliyekubali. Lakini mila iheshimiwe, mzazi asimfundishe mwanawe.

Binti yangu alikuwa katika darasa hilo. Alikuwa Gredi ya Nane, amevunja ungo mwaka huo huo.

"Basi binti wa mwalimu atoke nje," mwenyekiti alisema, "na shangazi yake aitwe."

Watu wote walishusha pumzi, nami pia. Nilikuwa tayari kuutaja uzazi mbele ya wazee wote wa Tana, lakini mbele ya mwanangu ulimi ungeniganda. Mama yangu hakuniambia neno hata moja, wala mama yake hakumwambia yeye. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa madaha, nikijiona mshindi.

Shangazi yake ni dada ya mume wangu, anakaa Ozi. Nilimpigia, akaniambia atakuja akishavuna. Baada ya mavuno mto ukajaa, barabara ikakatika. Barabara ilipopitika, mjukuu wake akaugua. Mume wangu analima huko Bura, kwenye skimu ya umwagiliaji, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipomtajia jambo hilo kwenye simu alikohoa, akaniuliza habari za mbuzi. Nami sikumwuliza tena.

Darasa lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wasichana waliokuwa wakitazama vidole vyao vya miguu walianza kunyanyua mikono. "Ticha," mmoja aliniuliza siku moja, "ukiruka mwezi ni lazima uko na bol?" Bol kwao ni mimba. Wenzake walikufa kwa kicheko. Niliwangoja watulie, nikawaeleza kwamba katika umri wao mwezi huja na kupotea, kwamba mwili bado unajipanga, na kwamba mimba haiji bila mwanamke na mwanamume kulala pamoja. Niliyasema hayo bila kupepesa macho. Wote waliandika.

Binti yangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa kanisa, akituchemshia chai. Tulikuwa tumempa kazi hiyo ili asikae bure. Akiingia na birika, mazungumzo yalikatika na kila mtu akajifanya anatafuta kikombe. Hakuna hata mwenzake mmoja aliyemdokezea lolote. Waliona haina haja. "Huyu si ako na ticha nyumbani?" nilimsikia mmoja akisema.

Kisha alianza kukonda. Nilidhani ni mitihani. Chakula alikigusa na kukisukuma, kwaya aliiacha, na nikimwuliza ananiambia tumbo linamsumbua. Nilimpa dawa ya minyoo. Ndiyo, mimi mwalimu wa somo la mwili, nilimpa dawa ya minyoo.

Mchana mmoja nilimkuta sakafuni, anatapika, macho yamemgeuka. Nilipiga ukelele. Jirani yangu Msomali mwenye duka la nguo alifunga duka lake wateja wakiwa ndani, akamwita mwanawe alete gari. Yeye ndiye aliyemshika mwanangu kichwa njia nzima mpaka hospitali, akimsomea dua.

Daktari wa zamu alinipeleka kando. "Atapona, mwalimu. Alikunywa kitu alichopewa na msichana mwenzake shuleni. Alitaka kutoa mimba."

"Mimba ya nani?" niliuliza.

"Lakini hana mimba," akaendelea. "Hajawahi hata kukutana na mwanamume. Kuna mvulana wa kwaya alimshika mkono, akambusu shavuni. Baadaye binti akaruka mwezi. Basi. Alijua tu kwamba mimba inatokana na wavulana, lakini inaingiaje hakujua." Alinitazama. Alikuwa mgeni, hakujua habari zetu. "Huko kwenu hamwafundishi watoto mambo haya?"

"Tunafundisha," nilimjibu.

Sijapata kusikia aibu ya namna ile, na nimeishi kidogo hapa duniani. Niliingia wodini. Binti yangu aliponiona aligeukia ukutani. Nilikaa, nikamsugua mgongo, maneno yote niliyowafundisha watoto wa wenzangu yakiwa kinywani na yakikataa kutoka. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, usiwaambie kwamba sikujua. Wenzangu wote wanajua. Watanicheka mpaka nimalize shule."

Nikamwahidi.

Garsen ni ndogo. Kabla hatujarudi nyumbani mji mzima ulishajua kwamba binti wa mwalimu alikunywa dawa ya kutoa mimba. Baraza likaitwa. Mwenyekiti hakunidhihaki, naye nampa haki yake. Alisimama ameshika kofia mkononi, macho yana machozi ya kweli.

"Ndugu zangu, mnaona wenyewe. Tulisema vitabu hivi vitawafungua watoto macho kabla ya wakati. Tazameni, moto umeanzia kwenye nyumba ya mwalimu mwenyewe. Mimi sina la kuongeza. Vitabu virudi vilikotoka."

Nilisimama. Kina mama wote waligeuka kunitazama. Jibu nilikuwa nalo, la maneno machache tu: huyu mtoto ndiye pekee ambaye hakufundishwa. Ni sisi tuliomtoa nje. Wale waliokaa ndani wako salama majumbani mwao, na ninyi ndio mnaotaka kuwatoa nao. Ningesema hivyo, baraza lingenyamaza, na vitabu vingebaki. Na jioni hiyo hiyo kila mtoto wa Garsen angejua kwamba binti yangu alikunywa sumu kwa sababu ya busu la shavuni.

"Mwalimu?" mchungaji aliniuliza kwa upole. "Unataka kusema kitu?"

"Sina neno," nilisema, nikakaa.

Walikuwa wakinitazama kama mtu aliyetubu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Wakapiga kura ya mikono, na katoni ikafungwa tena kwa kamba yake ile ile. Darasa likarudi kwenye Amri Kumi. Wako wasichana wapya mwaka huu, na nikiwaona wanaingia na Biblia zao nashindwa kuwatazama usoni.

Shangazi hajaja mpaka leo. Niliacha kumngoja. Alfajiri moja, binti yangu alipopata nguvu, nilimwambia twende shambani. Njia yetu inapita juu ya tuta la mto, ni nyembamba, watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Nilimtanguliza. Pale ambapo sikuuona uso wake wala yeye wangu, nilianza kusema. Nilimweleza kila kitu, toka mwanzo, kwa sauti ninayotumia darasani, maana sauti nyingine sina. Kuna mahali nilikwama nikamwomba angalie asiteleze, kisha nikaendelea. Tulipokaribia shamba nilikuwa nimemaliza, jasho linanitoka kama nimelima.

"Haya ndiyo uliyokuwa ukiwafundisha?" aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Haya."

Alitembea kidogo, jembe begani.

"Nilikuwa nawasikia mkicheka mle ndani," alisema bila kugeuka. "Nilifikiri umeshajua kuhusu yule mvulana, na unawaambia habari zangu."