Shimo la baba nyuma ya jiko

Juzi nilikuta vijana wanachimba choo kwa jirani, hapa chini ya kilima cha Mbuya, na ile harufu ya udongo mbichi ikanirudisha kwetu. Baba yangu, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alikuwa askari kwenye kambi moja huko Mombasa. Aliporudi Kampala, kitu cha kwanza alichimba shimo refu nyuma ya jiko. Hakusema la nini. Majirani wakanong'ona kwamba kaficha bunduki ya serikali, na mama, ambaye kwa kahawa ya tangawizi hakuwa na mwenzake, na kwa kushuku pia, akaamini.

Alasiri moja aliinuka akashika jembe.

"Baba Zainabu, kabla polisi hawajaja kututoa humu na watoto, nataka kuona ulichozika."

"Chimba," baba alisema. "Ukipata bunduki, nipige nayo."

Mama alichimba hadi jasho likamwingia machoni, hakupata kitu, akapanda juu. Alikuwa bado anamtazama kwa jicho baya, mara ndege ikasikika kutoka upande wa ziwa. Baba alinikamata mkono, akaruka nami shimoni, akanifunika kwa kifua chake. Alinuka sabuni na tumbaku, na moyo wake ulinigonga mgongoni. Mimi nilicheka, nilidhani tunacheza. Leo najua kule kambini ndivyo walivyozoezwa kujikinga na mabomu ya ndege.

Ndege ilipopita, mama alikuwa amesimama juu yetu, jembe mkononi. Hakuuliza tena. Ila tangu siku ile, kila asubuhi akimaliza kufagia ua, alishuka akafagia na shimo.