Ukuta wa Vyungu

Mke wangu Anyisile alikuwa mfinyanzi. Sisi ni Wakisi, na kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Mimi nilivua samaki, nikapiga kasia. Vyungu vikishachomwa tulivipakia mtumbwini tukaenda sokoni Lyulilo, kando ya ziwa. Pale chungu hubadilishwa kwa mahindi: mnunuzi hukijaza, mahindi yakawa yako, chungu kikawa chake. Shamba letu lilikuwa mawe matupu. Tulikula vyungu.

Mwaka wa vita ya Wadachi na Waingereza askari walitafuta wapagazi. Vijana wakakimbilia milimani. Askari wakashika waliobaki nyumbani, wakawafungia mpaka vijana watokee. Tulipofika Lyulilo na vyungu vya msimu mzima tukaambiwa kuna watu wawili kwenye kibanda cha mizigo: mzee Hezroni, Mnyakyusa wa Bujonde, na Tulinagwe, mke wa mwanawe Tuntufye. Tuntufye alikuwa amekimbia. Tulinagwe alikuwa na mtoto mchanga.

Kwa Wanyakyusa mwanamke haonani na baba wa mumewe. Wakikutana njiani huingia majanini. Hali mbele yake, hanywi mbele yake, hata jina lake halitaji. Sasa wamefungiwa chumba kimoja, chenye mtungi mmoja wa maji.

Anyisile aliomba kuingia, nami nikasimama mlangoni. Tulinagwe alikuwa amegeukia pembeni, amejifunika nguo kichwa kizima. Mtoto alivuta ziwa, akaliacha, akalia. Upande wa pili mzee naye amegeukia ukutani, mgongo umemkauka.

"Kunywa, mwanangu," Anyisile alisema.

Nguo ilitikisika. Hapana.

Tulimwendea Zebedayo, mzee wa kanisa. Alikuwa anakula ndizi.

"Mwambie aache mambo ya kishenzi," alisema. "Amebatizwa. Anywe."

"Mzee, wewe ukiwa na kiu unaulizwa kwanza mila zako?"

"Usinifundishe, Anyisile."

"Basi twende ukawaombe wamtoe."

"Kwa askari? Wanichukue mimi?" Akamenya ndizi nyingine.

Anyisile akaenda mwenyewe kwa shaushi, mkubwa wa askari wale.

"Bwana, aliyekimbia ni Tuntufye. Huyu binti kakosa nini?"

"Kaolewa na mkimbizi."

"Na mtoto?"

"Kazaliwa na mkimbizi. Nenda kauze vyungu, mama."

Alirudi mtumbwini. Nilidhani anakwenda sokoni. Alijitwika chungu akaelekea kibandani, akarudi kuchukua kingine. Akaniangalia. Nami nikabeba.

Aliweka vikubwa chini, kila kimoja juu ya kata ya majani kisiviringike, kisha vya kati, kisha vidogo, kukatisha chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Shaushi akaja kusimama mlangoni.

"Unafungua duka humu?"

"Siuzi. Nagawa nyumba."

Askari walicheka. Mmoja akasema kama ni hivyo na yeye ajengewe, asionane na shaushi. Shaushi hakucheka, lakini hakuzuia.

Vyungu vilipopita kichwa cha mtu aliyeketi, Anyisile akajaza kimoja maji akamwekea Tulinagwe upande wake. Nguo ikashuka polepole. Sijawahi kuona mtu anywe vile. Ng'ambo ya vyungu mzee Hezroni akasema, "Ndaga." Hakusema anamshukuru nani.

Kwenye mtumbwi mtupu nilimwambia, "Ungebakiza hata vitano."

"Ukuta ungekuwa na tundu."

Nikapiga kasia. Baadaye akasema, "Nilipobatizwa niliambiwa nimekuwa ndugu wa watu. Hawakunichagulia watu gani. Kama Yesu yupo kwa wanaoteswa, basi yumo mle kibandani. Ningempitaje nikauze?"

Tuntufye alisikia huko milimani kwamba baba yake na mkewe wamefungwa, akashuka mwenyewe. Walimfunga kamba shingoni pamoja na wengine, wakapelekwa na mizigo. Hakurudi. Hatujui alianguka wapi. Mzee na Tulinagwe walifunguliwa. Anyisile alikwenda kuchukua vyungu vyake, akakuta vigae. Askari walitaka nafasi ya mizigo, wakavivunja kwa vitako vya bunduki.

Mvua zilikuwa zimeanza. Udongo haukauki, moto hauchomi. Ziwa lilichafuka, samaki wakawa wachache. Zebedayo alituletea ndizi mara moja, akaziacha mlangoni bila kubisha hodi. Tulikula mizizi. Mtoto wetu wa mwisho, Eliya, alikuwa ananyonya bado. Hakufika mavuno.

Anyisile alimwosha mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Baada ya maziko alikaa nje siku nzima, mikono mapajani. Sikumwuliza kama anajuta. Jua liliporudi alichukua jembe akaenda kuchimba udongo. Na waliposhikwa watu wengine, alipakia vyungu tena kuwapelekea. Nilipiga kasia.

Miaka imepita mingi. Juzi nimemzika. Tulinagwe alikuja kutoka Bujonde, bibi kizee, anatembea kwa fimbo. Alikaa chini karibu na mkeka wa Anyisile akamshika miguu. Mwanawe, yule wa kibandani, sasa mtu mzima mwenye mvi, alichukua jembe kwa watu akachimba kaburi peke yake. Walipotaka kumpokea alikataa.

Nilimtazama akichimba. Eliya angekuwa rika lake.

Alipotoka shimoni nilimpa maji.