Mbuzi Aliyemngoja Fundi

Desemba iliyopita nilishuka soko la Nuu, Ukambani, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, na kabla sijafika kwetu nikasikia cherehani ikilia kwenye veranda ya duka moja. Nikasimama. Aliyekuwa akishona ni kijana aliyeziba masikio kwa muziki wake, hakuniona, wala hakuwa na sababu ya kuniona. Lakini wewe unanijua. Papo hapo nilikuwa nimerudi miaka ya themanini mwanzoni, mtoto wa shule ya msingi anayesubiri gauni lake la Krismasi.

Mama yangu alifanya kazi katika hoteli ya barabarani kule Salama, na Krismasi ndiyo siku mabasi ya Mombasa yalipojaza hoteli hiyo, kwa hivyo hakuja. Nililelewa na mama yake, tuliyemwita susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Sitakudanganya kwamba sikuwa mpweke. Desemba nzima watoto wa majirani waliwapokea baba zao kutoka Nairobi, na mimi niliketi nikichambua majani ya kunde kwenye ungo, nikijifanya siangalii barabara.

Susu alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, hakukosa ibada hata mto ukifurika. Lakini Krismasi yake ilikuwa na sharti ambalo hungelipata nyumba nyingine: mbuzi hakuchinjwa mpaka fundi afike.

Fundi huyo alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyekuja Nuu akiwa kijana akazeekea hapo. Mkewe alikuwa amefariki na hawakujaliwa watoto. Ndiye aliyeshona nguo za Krismasi za soko zima, za Wakatoliki na za Waprotestanti. Susu alinunua kitambaa cha maua kutoka jora moja, na wajukuu wote tukatoka tumefanana kama mapazia ya nyumba moja. Fundi aliacha upindo mpana chini ili gauni literemshwe mwaka ujao, maana alijua kwamba tutarefuka kuliko mfuko wa susu.

Siku yenyewe ikifika, soko lilifungwa, kila mtu akaenda kwao, naye akabaki peke yake katika chumba chake nyuma ya duka. Kwa kuwa hakula nyama isiyochinjwa na Mwislamu, susu alikata shauri zamani kwamba mbuzi wetu atachinjwa na fundi mwenyewe, ili sote tule chungu kimoja. Tukitoka kanisani tulimkuta langoni, kisu chake kimefungwa kwa kitambaa safi. Wakati huo njaa ilikuwa inatuuma vibaya, lakini hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mwaka mmoja mjomba alirudi kutoka Nairobi baada ya kupotea miaka mingi. Alidhani mama yake humwita fundi kwa sababu nyumba haina mwanamume wa kushika kisu. Basi akabaki nyumbani tulipoenda kanisani, na tuliporudi mchana tukakuta ngozi imewambwa chini kwa vigingi na sufuria inachemka. Mjomba akatupokea kwa furaha, akamwambia susu kwamba leo hatangoja mtu.

Fundi alikuwa nyuma yetu, maana tulikutana naye njiani. Aliiona ngozi. Akakiingiza kisu ndani ya kanzu taratibu, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine, akasema, "Mama, nyama si shida. Mimi nitakunywa chai tu, nirudi." Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbushwa kwamba hapa si kwao, na hadi leo nikiufikiria naumia.

Susu hakumgombeza mtu. Aliingia jikoni akatoka na muthokoi wa jana, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula ambacho hakuna mtoto aliyetaka kukiona siku ya Krismasi. Akaupasha moto, akaupakua kwenye sahani moja kubwa, akaomba, kisha akaketi kula na fundi. Nyama ikapita mbele yake asiiguse. Mjomba akamuuliza kwa nini hali.

"Huyu ameshonea watoto wetu wote," susu akasema. "Mmevaa mikono yake, halafu mnamwambia anywe chai?"

Mjomba akaweka chini kipande alichokuwa ameshika. Sisi watoto, tuseme ukweli, tulikula yetu nyuma ya jikoni, na ilikuwa tamu.

Mwaka uliofuata magauni yalikuja na salamu: fundi ana kazi nyingi, hataweza kufika. Kazi gani siku ya Krismasi? Kila mtu alielewa, na susu alielewa zaidi. Asubuhi ile kengele ya kanisa ikilia, alimfungua mbuzi, akanishika mkono, tukashika njia ya sokoni. Mbuzi alipiga kelele njia nzima. Waumini tuliopishana nao walitusalimu huku wakigeuka kutazama kamba, nami niliona aibu nikatamani kujificha ndani ya gauni langu.

Soko lilikuwa tupu. Susu akabisha hodi, fundi akatoka na kikoi na fulana.

"Nimekuletea mbuzi," susu akamwambia. "Ukikataa, namrudisha zizini, na leo kwangu hakuna Krismasi."

Fundi alimtazama mbuzi. Kisha akainama, akashika upindo wa gauni langu. "Uzi umefumuka hapa, mama," akasema. "Ngoja nichukue sindano. Na kisu."

Baadaye mwalimu wa kanisa alimuuliza susu mbona hakuonekana kwenye ibada ya Krismasi. Susu alimjibu kwamba alikuwa ibadani, labda ni wao ambao hawakumwona.

Susu na fundi walikula pamoja Krismasi nyingi baada ya hiyo. Kisha macho ya fundi yakaisha, hata tundu la sindano halioni, na jamaa zake wakaja kumchukua, wakampeleka pwani. Habari za kifo chake zilitufikia nikiwa shule ya upili. Susu naye hayupo tena. Siku hizi Krismasi nanunua nyama kwa kilo, sijui nani alichinja na hakuna anayeniuliza. Nakula mapema, maana simngoji mtu, na chakula kinachoiva bila kungojewa na mtu hakina ladha, hata ukikitia viungo vyote vya dukani.

Ninayemkumbuka nikiwa na sahani yangu ni susu, Krismasi ile ya kwanza baada ya fundi kupelekwa pwani. Tulitoka kanisani, mbuzi akiwa amefungwa mtini. Susu alivuta kigoda akaketi akiangalia lango. Chapati zikaiva, zikapoa. Mjomba alisimama kando na kisu, safari hii hakuthubutu kusogea. Jua lilikuwa limeanza kuteremka aliponyanyuka, akajifuta macho kwa kona ya leso.

"Chinja tu," akamwambia mjomba. "Sasa ni nyama tu."