Namuhudumia bibi yangu, lakini uso wangu unamufukuza

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni baba wa miaka makumi ine na mbili, mutu wa upande wa Bukavu, tunakaa Mabanga hapa Goma. Bibi yangu ni wa Butembo. Tulifunga ndoa kanisani, na Mungu alitupa binti mumoja ambaye sasa anasoma sekondari.

Mwaka jana bibi yangu alianguka na pikipiki akitoka Munigi kununua makala ya kupikia. Mugongo uliumia vibaya, na tangu pale hatembei. Asubuhi, mbele ya kwenda kazini, namuogesha, nabadilisha mashuka, nawasha mbabula ya makala, napika. Saa sita narudi kumuangalia, na jioni vilevile. Ndugu zangu wananicheka eti nimekuwa boyi, mutumishi wa bibi. Hayo siyajali. Shida ni uso wangu. Kazi yote naifanya, lakini nikinuna. Sahani naitua kwa kishindo. Akiniita, naitika kama mutu aliyebebeshwa mufuko wa simenti. Siku moja alisema maji ya kuoga ni baridi. Nikamujibu, "Basi amuka uyapashe wewe." Hakulalamika tena, nami nikafikiri tumepata amani.

Kisha akashikwa na homa na maumivu ya kukojoa. Muganga wa hospitali akamuuliza, "Mama, mbona haunywi maji?" Bibi yangu akageukia ukuta. Aliyejibu ni binti yetu: "Anaogopa kumuita papa amupeleke choo. Mimi nikiwa masomoni, hanywi kitu."

Nilitoka nje, nikakaa juu ya mawe, nikalia mbele za watu.

Wamama wa shirika yetu ya kanisa walikuja kusali. Waliniambia, "Papa, umuhudumie kama unamuhudumia Yesu, na furaha." Nikajaribu. Kila nikiingia chumbani natabasamu, hata nikibeba beseni ya mikojo. Bibi yangu akaniangalia, akasema, "Papa, hako kacheko kako kananitisha kuliko kununa." Tukacheka wote wawili mpaka akashika mbavu. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu ajali. Lakini kesho yake uchovu ulikuwa unaningojea pale pale, na uso nao ukarudi.

Sasa dada yake mukubwa amefika kutoka Butembo kumuchukua. Juzi bibi yangu aliniita, akasema bila hasira: "Miaka yote nilikupikia na nikakufulia, sikufanya ili siku moja unilipe. Lakini kuhudumiwa na mutu aliyekuchoka, ni ugonjwa wa pili. Useme wewe: nibaki ao niende?"

Nikachukua beseni, nikatoka. Namupenda huyu mwanamuke. Lakini nilipowaza nyumba bila yeye, kitu cha kwanza nilichoona ni usingizi. Kulala tu, bila kuitwa. Kisha nikajiogopa.

Nikisema "baki," kesho asubuhi uso wangu utamuambia "enda." Nikisema "enda," ile ahadi niliyoitoa mbele ya altare itakuwa ya nini? Dada yake ameanza kufunga mizigo, na bibi yangu ananifuata na macho kila ninapopita.

Ninyi wamama na wapapa muliouguza wenzenu muda murefu, munisaidie, na musinifiche kitu. Siku mwili ulipokataa, moyo muzuri muliutoa wapi? Na huyu anayengojea neno langu, nimuambie nini?