Pembetatu Chini ya Ulezi

Jamani, leo baba mdogo wangu kanimaliza.

Tumetoka Sumbawanga asubuhi kwenda harusi ya binamu yangu Mbala, Zambia. Wiki nzima nimemwimbia: kule wanataka bima yao, mtungi wa kuzimia moto, na pembetatu mbili nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika. Akanunua vyote. Nikamsifu!

Tumevuka mpaka tu, pancha.

Nageuka, namkuta na panga, anakata matawi na kuyapanga barabarani kama tuko kwetu Chala.

"Baba, pembetatu ziko wapi?"

"Chini ya magunia ya ulezi. Zisichafuke."

Hapo hapo trafiki akatokea. Matawi hata hakuyatazama, akataka pembetatu.

Tukashusha ulezi wote, mimi na suti yangu hii. Pembetatu zikatoka, bado ziko kwenye nailoni. Faini tukapigwa vilevile. Kanisani tumekuta maharusi wanapiga picha nje.

Sasa hivi nimetoka kuchungulia gari. Baba kazirudisha pembetatu kwenye nailoni, kazilaza chini kabisa, juu yake kapanga mabegi yetu yote.

Kesho tunarudi. Mwenye nafasi kwenye gari lake aniambie.