Gazeti la Mzee Eben Lownie

Neno heckle lilikuwa letu kabla halijawa la watu wa siasa. Kwetu Dundee, Uskochi, ni jina la chanuo: ubao uliopigiliwa misumari mirefu iliyochongoka, ukafungwa kwenye benchi. Unashika tita la kitani kikavu, unalipiga juu ya meno yale na kulivuta, tena na tena, mpaka makapi yaanguke na zibaki nyuzi laini za kupelekwa kwa wasokotaji. Ukifanya hivyo kutwa nzima, mikono inajua kazi yake na kichwa kinabaki hakina shughuli. Ndiyo maana kila chumba cha wachanaji kilikuwa na msomaji.

Wa kwetu alikuwa Ebenezer Lownie. Alichana kitani miaka thelathini, hadi vumbi likamkaa kifuani, akawa hawezi kumaliza matita mawili bila kukohoa. Tukamkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha atusomee gazeti, na sisi kumi tukagawana kazi yake, kila mtu akimchania kidogo, ili Jumamosi aondoke na ujira kama zamani. Mwenye kiwanda alikubali kwa sharti moja: matangazo yake yote kwa wafanyakazi, Eben ndiye atakayeyasoma. Siku atakayoshindwa, aondoke. Eben na mkewe Elspeth hawakuwa na mtoto wala shamba. Akikosa kigoda kile, kilichobaki ni nyumba ya maskini, wanakotupwa mafukara wa mji.

Usidhani kuwasomea wachanaji ni kazi ya raha. Hatukuacha jambo lipite. Eben akisoma kwamba waziri fulani ameahidi mkate utashuka bei, chumba kizima kinamrukia.

"Kasema lini?" anauliza Tam Geekie, mwenye ulimi mkali kuliko wote.

"Jumanne."

"Alikuwa ameshakula?"

"Gazeti halisemi."

"Basi rudia hapo kwenye mkate, polepole. Mtu aliyeshiba akiongelea mkate, lazima umsikilize mara mbili."

Tulivyozoea kubanana kwa maswali humu ndani, ndivyo tulivyokwenda kuwabana waheshimiwa waliokuja kuhutubia mjini wakitaka kuingia bungeni. Kura hatukuwa nazo, midomo tulikuwa nayo. Mmoja alishuka jukwaani shati limelowa jasho, watu wakacheka kwamba wachanaji wamempitisha kwenye meno. Neno likashika. Siku hizi nasikia hata London mtu akimkatiza mhutubu wanalitumia, na wengi wao hawajawahi kukiona kitani. Hilo haliniudhi. Kinachoniudhi ni wao kudhani kwamba maana yake ni kupiga kelele tu. Sisi tulikuwa tunataka jibu.

Sasa, katika baridi ya mwaka wa tatu wa Eben pale kigodani, gazeti likaanza kubadilika. Alisoma habari za askofu aliyenunua farasi wanne, kisha akaendelea kwa sauti ile ile, "Na kitambi chote kile, hao farasi watajuta kuzaliwa." Tukacheka, tukadhani ni utani wake. Wiki iliyofuata, habari za mfanyabiashara mmoja wa samaki zilimalizikia na, "Mwizi mkubwa yule, na mama yake alikuwa hivyo hivyo." Hapo nikatambua maneno yale ni ya nani. Yalikuwa ya Elspeth. Nilikuwa jirani yao, ukuta wetu ulikuwa mmoja, kila neno lilipenya. Gazeti lililala kwao, na asubuhi, wakinywa uji wa shayiri, Elspeth alimsomea mumewe ukurasa baada ya ukurasa, naye Eben akabeba yote kichwani, maoni ya mkewe yakiwamo. Macho yake yalikuwa yamekwisha.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu kana kwamba nimemchungulia akivaa.

Jumatatu moja, Eben akiwa katikati ya habari za meya, nyapara wetu Bwana Mudie akaingia na karatasi mkononi. Mudie hakuwahi kukipenda kigoda kile.

"Tangazo la bwana mkubwa," akasema, akamnyooshea Eben. "Soma, wote wasikie."

Eben akaipokea, akaishika mbele ya uso. Nikaacha kuchana.

"Karatasi hiyo kaandika nani?" Tam akauliza.

"Mwenye kiwanda," akajibu Mudie.

"Kwa mkono wake?"

"Karani wake."

"Na wewe umeisoma?"

"Nimeisoma, ndiyo."

"Yote?"

"Yote, Tam."

"Basi tusomee wewe. Akisoma Eben tutamuuliza yeye, naye hajui lolote. Sisi tunataka mtu wa kujibu."

"Au unaogopa maswali, Bwana Mudie?" nikasema mimi, sauti ikinitoka ovyo.

Hakuna nyapara wa Dundee anayekubali kuitwa mwoga mbele ya wachanaji. Akampokonya Eben ile karatasi, akasoma mwenyewe. Ilikuwa habari ya kengele ya asubuhi kulia robo saa mapema. Tulimweka pale hadi karibu na chakula cha mchana: robo saa kwa saa ya nani, ni kiangazi tu au na baridi, na ile ya jioni je, nayo inarudi nyuma? Alitoka akijifuta shingo. Tangu hapo matangazo aliyabandika mlangoni.

Mlango ulipofungwa, Eben alikuwa bado ameinua mkono mtupu.

"Mmejua tangu lini?" akauliza.

Watu kumi ambao hawajawahi kukosa neno, wote wakainamia meno ya chuma. Ndipo nilipofahamu kwamba siri haikuwa yangu peke yangu, na siku ile nilimpenda Tam Geekie kuliko ndugu yangu wa kuzaliwa.

Mwishowe Tam akasema, bila kuinua kichwa, "Tulikuwa tumefika kwa meya, mzee. Shemeji kasema nini juu yake leo?"

Eben akalikunja gazeti, akalisukuma chini ya kigoda, akaegemeza kichwa ukutani, akaanza kusoma.