Askari Aliyesubiri Macho

Kaka yangu alitengeneza meno ya bandia miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu nikadhani atapumzika. Wapi! Akageukia askari. Askari wa plastiki, kimo cha kidole gumba, wa vita vilivyopiganwa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Anawapaka rangi kifungo kwa kifungo, kisha kila Jumamosi alasiri yeye na jirani yetu, mwalimu mstaafu, wanawapanga kwenye meza yangu ya chakula, wanarusha dadu na kuuana. Watu wazima na mvi zao!

Askari asipompendeza, humkata. Kichwa cha huyu anakigandisha kwenye kiwiliwili cha yule, mkono anaulainisha kwa maji ya moto mpaka ukubali kushika bendera, na sura anaichonga kwa vifaa vyake vilevile vya meno. Ana mwiko mmoja tu: macho huja mwisho. Askari asiye na macho haingii mezani, na asiyeingia mezani hafi.

Mwanawe wa pekee, niliyemlea mimi baada ya mama yake kufariki, alikwenda vitani. Vita vya kweli. Mwaka mzima hatukupata barua wala simu. Ndipo kaka akachonga askari mmoja, bega la kushoto limeshuka kidogo kama la mwanawe, kidevu hikihiki cha ukoo wetu. Nilipomwona, nywele zilinisimama.

"Macho simtii," kaka alisema. "Akibaki hivi, hafi."

Akamsimamisha kabatini peke yake. Mimi nafuta vumbi nyumba nzima, lakini rafu ile niliiruka. Ule uso mtupu, kila nikipita, niliona kama unanisikiliza.

Na kweli kijana hakufa. Miaka miwili baadaye aliletwa na muuguzi, kashikwa mkono. Viungo vyote vizima, macho yake mazuri yaleyale, ila haoni hata jua.

"Madaktari wamepima, kasoro hawaioni," muuguzi alisema, akaaga.

Nikamuuliza kijana giza lilianza lini. Akataja mwezi na mwaka. Kaka akakaa sakafuni palepale, maana ndio mwezi aliomchonga yule askari.

"Umemfungia mtoto gizani!" nilimwambia. Sikumwonea huruma, Mungu anisamehe. "Mtie macho sasa hivi."

"Na akifa?"

Aliyejibu ni kijana mwenyewe, pale kitini tulipomkalisha, ametupa mgongo, uso ameuelekeza ukutani. "Baba, nimechoka na giza. Fanya."

Kaka akamtoa askari kabatini, akachovya brashi. Mkono uliopachika meno vinywani mwa watu miaka yote ile ukatetemeka mpaka rangi ikadondoka mezani. Akajaribu tena. Mwisho akanikabidhi mimi brashi, mimi ambaye hata kucha zangu sijui kuzipaka.

Nilivaa miwani yake ya kukuzia vitu vidogo, nikamsogeza askari mpaka karibu na pua yangu, nikabana pumzi. Nukta nyeupe. Ndani yake nukta nyeusi. Jicho moja.

"Shangazi," kijana akasema, bila kugeuka, "mbona umezeeka hivyo, jamani?"

Nusura nimwangushe. Nilimtazama kijana: uso wake uko ukutani, hajajitikisa. Nikamtazama askari mkononi mwangu, na lile jicho moja likinikodolea.

"Baba yuko wapi?" akauliza. "Simwoni."

Kaka alikuwa nyuma ya kiti changu. Nilisikia meno yake yakigongana.

"Mgeuze," akaninong'oneza. "Tafadhali, dada. Mgeuze anione."

Nikamgeuza askari taratibu. Kule kitini, kijana akaanza kulia, uso bado umeelekea ukutani.